Sonona Katika Ukoo: Je, Mtoto Hurithi Maradhi ya Mzazi?

Katika Mkoa wa Singida, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, wazee hawajibu posa kabla ya kuuliza habari za ukoo wa pili. Huuliza kama watu wake ni wachapa kazi, kama hawana ugomvi, na aghalabu huuliza pia kama kuna kifafa, ukoma au ugonjwa wa akili. Ikisemekana kwamba mama wa binti alipata kukaa ndani miezi mingi bila kusema na watu, au kwamba babu wa kijana alijitenga na wenzake hata akafa, posa huweza kurudishwa. Wengine husema ni laana ya ukoo. Wengine husema ni damu. Wote hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba maji hufuata mkondo, wala hakuna la kufanya.

Makala hii inakusudia kuupima usemi huo kwa kipimo cha sayansi. Ugonjwa tutakaouzungumzia ni ule unaoitwa sonona. Tutaona kwamba wazee wamechungua vema, maana ni kweli sonona huonekana zaidi katika koo fulani kuliko nyingine. Lakini tutaona pia kwamba neno la mwisho, yaani kwamba hakuna la kufanya, si la kweli.

Sonona ni nini?

Kila mtu hupatwa na huzuni. Mtu aliyefiwa, aliyeshindwa mtihani au aliyepoteza mifugo kwa ukame huhuzunika, na huzuni hiyo hupungua siku zinavyopita. Sonona ni kitu kingine. Mgonjwa huwa na moyo mzito karibu kutwa nzima, kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, au hupoteza hamu ya mambo yote aliyoyapenda. Pamoja na hayo hukosa usingizi au hulala kupita kiasi. Hupoteza hamu ya chakula. Huchoka bila kazi. Hushindwa kukaza fikira. Hujiona hana thamani, na pengine hutamani kufa. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili hauna nguvu, nao huzunguka zahanati kwa zahanati wakipewa dawa za maumivu.

Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba Waafrika huugua sonona kwa nadra sana. Daktari J. C. Carothers, aliyepata kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi, aliandika hivyo katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Kosa lake lilitokana na mahali alipotazama. Aliwatazama wagonjwa waliofikishwa hospitalini, na waliofikishwa huko walikuwa hasa wale waliosumbua wenzao. Mgonjwa wa sonona hasumbui mtu. Hukaa kimya nyumbani. John Orley na mwenzake J. K. Wing walipowaendea watu katika vijiji viwili vya Uganda na kuwahoji nyumbani kwao, waliikuta sonona kwa wingi kuliko ilivyoonekana miongoni mwa wanawake waliohojiwa kwa njia hiyo hiyo mjini London. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1979. Tangu hapo imani ya kale haina msingi tena.

Ushahidi wa vizazi vitatu

Je, ni kweli kwamba sonona hufuata ukoo? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini, kwa kuwa kumbukumbu hupotoka. Yapasa kuzifuata familia zile zile kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilianzishwa nchini Marekani mwaka 1982 na Myrna Weissman na wenzake. Walichagua wazazi waliokuwa na sonona na wengine wasiokuwa nayo, kisha wakawafuata watoto wao, na baadaye wajukuu wao, kwa zaidi ya miaka 30. Ilionekana kwamba watoto wa wazazi wenye sonona walipata ugonjwa huo mara mbili hadi tatu zaidi ya watoto wengine. Mwaka 2005 watafiti hao walitoa habari za wajukuu 161. Miongoni mwa wale ambao babu au bibi na mzazi pia walikuwa wameugua, asilimia 59 walikwisha kuwa na tatizo fulani la akili wangali watoto. Dalili ya kwanza aghalabu haikuwa huzuni, bali hofu na wasiwasi uliozidi kiasi.

Hapa msomaji asimame kidogo afanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika watoto 100 ambao wazazi wao hawakuugua, 10 watapata sonona wakati fulani wa maisha. Kama hatari ni mara mbili hadi tatu, basi katika watoto 100 wa wazazi waliougua, watakaopata ni 20 hadi 30. Maana yake ni kwamba 70 hadi 80 hawataipata. Hivyo usemi kwamba hatari imeongezeka mara tatu, na usemi kwamba wengi wa watoto hawa hubaki wazima, ni za kweli zote mbili kwa pamoja. Anayesikia ule wa kwanza bila wa pili huogopa kupita kiasi.

Sasa tuzitazame njia ambazo hatari hiyo hupitia. Ziko nne, nazo huingiliana.

Njia ya kwanza: vinasaba

Mwanafunzi wa biolojia anajua habari za selimundu. Ugonjwa huo hutokana na kasoro katika kinasaba kimoja. Baba na mama wakiwa wote wawili wanabeba kasoro hiyo bila kuugua, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Sonona haiendi hivyo. Hakuna kinasaba kimoja cha sonona. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu zaidi ya 800,000 ulionyesha sehemu 102 katika vinasaba vya binadamu zinazohusiana nayo, na kila moja huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo sana. Tena karibu watu wote waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Afrika kama yalivyo.

Kiasi cha urithi hupimwa kwa kuwalinganisha mapacha. Mapacha waliotokana na yai moja wana vinasaba vilivyo sawa. Waliotokana na mayai mawili hulingana kama ndugu wa kawaida. Kama wale wa yai moja hufanana zaidi kwa ugonjwa, basi urithi una sehemu yake. Mwaka 2000 wataalamu waliokusanya tafiti za namna hii walikadiria kwamba urithi unaeleza kama asilimia 37 ya tofauti zilizopo kati ya watu katika kupata sonona.

Tarakimu hiyo hueleweka vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana asilimia 37 ya kuugua. Chukua mfano wa alizeti, zao linalojulikana sana Singida. Mkulima akipanda mbegu zilizochanganyika katika shamba moja lenye udongo na maji sawasawa, tofauti za urefu wa mimea zitatokana hasa na mbegu. Akizipanda nusu penye rutuba na nusu kwenye changarawe, tofauti nyingi zitatokana na udongo. Mbegu ni zile zile, lakini sehemu ya urithi katika tofauti hizo imepungua. Kwa hiyo asilimia ya urithi ni kipimo cha kundi la watu katika mazingira fulani. Haielezi maisha ya mtu mmoja, wala haisemi kama hali inaweza kubadilishwa. Mbegu iliyodumaa kwenye changarawe huenda ingerefuka kwenye samadi.

Njia ya pili: tumboni mwa mama

Mtu akiwa na msongo mkubwa, mwili wake hutoa homoni iitwayo kortisoli. Kwa mama mjamzito, kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa ya kortisoli hiyo kabla haijamfikia mtoto, lakini si yote. Msongo ukidumu, huweza kugusa namna ubongo na mfumo wa homoni wa mtoto unavyojengeka, hata akawa mwepesi wa kushtuka na mzito wa kutulia.

Uchunguzi mmoja wa jambo hili ulifanywa kwa jirani zetu wa Rwanda. Watafiti waliwachunguza akina mama 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pamoja na watoto wao, wakawalinganisha na akina mama wengine 25 waliokuwa wajawazito wakati huo huo lakini nje ya nchi. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Akina mama waliopatwa na maafa hayo, na watoto wao pia, walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na za mshtuko, nayo damu yao ilionyesha alama za kikemia zaidi juu ya kinasaba kinachohusika na kupokea kortisoli. Alama hizi hazibadili kinasaba chenyewe. Hubadili kiasi cha kufanya kwake kazi. Lakini yafaa tuwe waangalifu. Watu waliochunguzwa walikuwa wachache, na mama aliyembeba mtoto tumboni ndiye pia aliyemlea. Ni vigumu kusema ni kiasi gani kilitokana na mimba na ni kiasi gani kilitokana na malezi.

Njia ya tatu: malezi

Mtoto mchanga hujifunza kutulia kwa kutulizwa. Anapolia, mama humwitikia. Anapotabasamu, mama hutabasamu naye. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio jepesi sana. Alimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kwa kawaida, kisha kwa muda wa dakika chache akae akimtazama bila kubadilisha uso wala kusema neno. Mtoto kwanza alijitahidi kumwamsha mama kwa tabasamu na kwa mikono. Aliposhindwa, alifadhaika, akageuza uso wake, akanywea.

Mama mwenye sonona hafanyi hivyo kwa kukusudia. Anampenda mwanawe kama mama mwingine yeyote, lakini ugonjwa umemnyang'anya nguvu ya kuitikia. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, mtoto hukosa mazoezi ambayo ubongo wake unayahitaji. Baba naye yumo katika jambo hili, kwani tafiti zimeonyesha kwamba sonona ya baba pia huambatana na matatizo ya tabia kwa watoto. Kwa wanaume wengi ugonjwa huu hujitokeza kwa sura ya hasira na ulevi, na nyumba nzima huishi kwa woga.

Ili kutenganisha malezi na vinasaba, watafiti wa Sweden walitumia kumbukumbu za nchi yao kuwalinganisha watoto waliolelewa na wazazi wao wa kuzaliwa, waliopewa wazazi wa kulea, na walioishi na mzazi wa kambo. Mzazi wa kulea hampi mtoto vinasaba; mzazi aliyemzaa bila kumlea hampi malezi. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba njia hizi mbili zinakaribia kulingana kwa uzito. Maana yake ni kubwa. Karibu nusu ya mfanano wa mzazi na mtoto katika ugonjwa huu hupitia maisha ya nyumbani, mahali ambapo mkono wa binadamu unafika.

Njia ya nne: dhiki ya pamoja

Mzazi na mtoto hula chungu kimoja. Singida iko katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, nayo hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua ikikatika kabla mtama na uwele havijakomaa, dhiki haimchagui mzazi ikamwacha mtoto. Njaa, deni, msiba, ugomvi wa ndoa na maradhi ya muda mrefu huongeza hatari ya sonona kwa mkubwa na kwa mdogo kwa wakati mmoja. Anayetazama kwa nje huona ugonjwa umetoka kwa mama ukaenda kwa binti, kumbe wote wawili wameelemewa na mzigo mmoja.

Mnyororo hukatwa wapi?

Sasa tumefika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Kama hatari ingepitia vinasaba peke yake, kumtibu mzazi kusingemsaidia mtoto, kwa kuwa dawa haibadili vinasaba alivyokwisha kurithi. Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2006 Weissman na wenzake walieleza habari za akina mama waliokuwa wakitibiwa sonona nchini Marekani, pamoja na watoto wao wa umri wa miaka 7 hadi 17. Watoto wenyewe hawakutibiwa na watafiti hao. Baada ya miezi mitatu, miongoni mwa watoto waliokuwa na tatizo la akili tangu mwanzo, asilimia 33 ya wale ambao mama zao walipona walikuwa wamepona pia. Kwa watoto ambao mama zao hawakupona, waliopona walikuwa asilimia 12 tu. Watoto waliokuwa wazima tangu mwanzo na ambao mama zao walipona, wote walibaki wazima. Lakini pale mama alipobaki mgonjwa, asilimia 17 ya watoto wazima waliingia katika ugonjwa.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba mama aliyepona haraka huenda alikuwa na maisha mepesi zaidi tangu awali. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana majaribio mengine hugawanya watu kwa bahati nasibu. Jaribio moja la namna hiyo lilifanywa vijijini karibu na Rawalpindi, Pakistan. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa njia za kuzungumza na akina mama wajawazito wenye sonona, nao wakaendelea kuwatembelea baada ya kujifungua. Watoto walipofikia umri wa miezi sita, akina mama waliobaki wagonjwa walikuwa asilimia 23, ilhali katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 53. Watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache zaidi, na wengi zaidi walikuwa wamekamilisha chanjo. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008.

Na hapa Afrika Mashariki, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye sonona walikutanishwa katika vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Wanakikundi walizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao, wakashauriana. Mwishoni, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vyenye vikundi, na asilimia 54.7 katika vijiji visivyo na vikundi. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2003, lilionyesha kwamba matibabu yenye nguvu yanaweza kutolewa bila vifaa vya gharama.

Tunaweza kufanya nini Singida?

Uangalizi wa ugonjwa wa akili si jambo jipya katika sehemu yetu ya nchi. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, mkoa unaopakana na Singida, ilifunguliwa mwaka 1927, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kuanzia mwaka 1980 Tanzania ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mpango wa kuyaingiza matibabu ya akili katika huduma za kawaida za afya, ili mgonjwa asilazimike kusafirishwa mbali na jamaa zake. Na huko Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, si mbali na mpaka wa Singida, watafiti waliofuata ukuaji wa watoto kuanzia mwaka 2009 hawakupima uzito na maambukizo peke yake. Waliwauliza pia akina mama juu ya hali ya mioyo yao, kwa kuwa waliitambua hali hiyo kuwa sehemu ya afya ya mtoto.

Kwa familia, jambo la kwanza ni kuitambua sonona kuwa ugonjwa. Mama aliyejifungua akikaa wiki mbili au zaidi bila furaha, bila usingizi hata mtoto anapolala, na bila hamu ya kumshika mwanawe, asiambiwe kuwa ni mvivu au amelogwa. Apelekwe zahanati au kituo cha afya, naye aseme waziwazi hali ya moyo wake, si maumivu ya kichwa tu. Kliniki ya mama na mtoto ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtu anayesema anatamani kufa asiachwe peke yake. Afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Wakati huo bibi, shangazi au jirani akimbeba mtoto, akicheza naye na kumwitikia, anaziba pengo ambalo ugonjwa umelifungua. Malezi ya watu wengi, ambayo mila zetu zimeyajua siku zote, ni kinga halisi.

Kwa walimu, yafaa ikumbukwe kwamba sonona nyingi huanza katika umri wa sekondari. Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya, anayesinzia darasani, ambaye alama zake zinaporomoka bila sababu ya wazi, asihukumiwe upesi kuwa ni mtovu wa bidii. Mwalimu amwite faraghani, amsikilize, na akiona haja amwelekeze yeye na mlezi wake kwa mtaalamu wa afya. Akigundua kwamba nyumbani kuna mzazi mgonjwa, ajue kwamba kumsaidia mzazi huyo afike hospitalini ni sehemu ya kumsaidia mwanafunzi.

Na kwa mwanafunzi ambaye mama au baba yake anaugua: ugonjwa huo si kosa lako, wala haujakuandikia maisha yako. Katika hesabu tuliyoifanya hapo juu, wengi zaidi walikuwa wale ambao hawakuugua. Ukiona dalili zake kwako, sema mapema.

Turudi sasa kwa wazee na posa yao. Kuuliza habari za afya ya ukoo si vibaya. Hata daktari huuliza. Lakini ukoo ambao mtu wake aliugua, akatibiwa, akapona, umekwisha kupunguza sehemu kubwa ya hatari kwa watoto wake. Ukoo unaomficha mgonjwa wake ndani kwa kuogopa kukataliwa huiacha hatari hiyo iendelee kukua. Tukiendelea kurudisha posa kwa sababu ya sonona, tutawafundisha watu kuficha. Basi swali linalofaa kuulizwa siku ya posa si kama kuna aliyeugua, bali kama aliyeugua alipelekwa kutibiwa.